Nani Ashike Spana? Historia ya Karakana za Ndege za Kijeshi na Somo Lake kwa Afrika Mashariki

Mjadala wa matumizi ya kijeshi katika nchi zetu huanzia kwenye ununuzi na kuishia hapo hapo. Magazeti huandika kwamba serikali imenunua ndege kwa mamilioni kadhaa ya dola, wapinzani huhoji, waziri hujibu kwamba ulinzi wa taifa si jambo la kujadiliwa hadharani, na habari inafifia. Ni nadra kusikia mtu akiuliza swali ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi: baada ya ndege hiyo kutua, nani ataitengeneza kwa miaka thelathini ijayo, kwa bei gani, na nani atathibitisha kwamba kazi imefanyika?

Swali hili si la kiufundi tu. Ndege haitengenezwi pale inapoharibika, kama tunavyofanya na magari yetu. Kila sehemu yake muhimu, iwe injini, sanduku la gia au mapanga ya helikopta, imepangiwa idadi ya saa za kuruka, na mara nyingi miaka pia. Saa hizo zikitimia, sehemu hiyo hufunguliwa, hupimwa, na ama hurekebishwa ama hutupwa, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Kila hatua huandikwa katika kumbukumbu za ndege na kutiwa saini. Kumbukumbu zikipotea au zikighushiwa, ndege imekwisha thamani, kwa sababu hakuna rubani mwenye akili timamu atakayejua anarukia nini. Kwa hiyo anayeshika spana anashika pia kalamu, na anayeshika kalamu ndiye anayeamua kama jeshi lina ndege kumi zinazoruka au lina mabati kumi yaliyopakwa rangi ya kijani.

Tanzania ilianza kufundishwa jambo hili mapema sana. Baada ya maasi ya Januari 1964 na kuundwa kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwezi Septemba mwaka huo huo, Ujerumani Magharibi ilikubali kusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Wakufunzi walikuja, ndege ndogo zikaletwa, vijana wakaanza kujifunza. Lakini Muungano ulikuwa umeleta pamoja nao suala la Ujerumani Mashariki, ambayo ilikuwa na uhusiano wa karibu na Zanzibar. Mwanzoni mwa 1965 Tanzania iliporuhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, serikali ya Bonn iliwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere alijibu kwa kuwaambia waondoe na misaada yao mingine yote, na historia imemkumbuka kwa heshima kwa jibu hilo. Kinachosahaulika ni kwamba kikosi cha anga kilibaki bila walimu. Ikabidi Kanada iingie, ikaleta ndege zake za Otter na Caribou, ikafundisha hadi 1970. Kisha wakaja Wachina na ndege za kivita, wakajenga na uwanja wa Ngerengere. Katika miaka isiyofika kumi kikosi kimoja kichanga kilikuwa kimepitia shule tatu za ufundi, lugha tatu za vitabu vya maelekezo, na vipuri visivyoingiliana hata kidogo.

Upande wa kiraia ulipata somo lake mwaka 1977. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1946 na kumilikiwa kwa pamoja, lilikuwa na karakana yake kuu Embakasi, Nairobi. Lilipovunjika mwanzoni mwa mwaka ule, Kenya ilikuwa na shirika lake jipya likiruka ndani ya majuma machache, maana mahanga, mashine na sehemu kubwa ya mafundi vilikuwa palepale vilipokuwa jana. Tanzania ilianzisha Air Tanzania mwezi Machi ikiwa na haki kwenye karatasi. Mgawanyo wa mali za Jumuiya, uliosimamiwa na msuluhishi kutoka Uswisi, Dkt. Victor Umbricht, ulikamilika kwa mkataba wa Arusha mwaka 1984. Hanga halikungoja mkataba wa 1984. Lilikwisha amua lenyewe ni la nani.

Tukadhani tumejifunza. Mwishoni mwa 2022, ndege ya ATCL aina ya Airbus A220, iliyokuwa Uholanzi kwa ajili ya matengenezo, ilishikiliwa mjini Maastricht. Sababu haikuhusiana na usafiri wa anga hata chembe: kampuni ya Kiswidi iliyofutiwa mradi wake wa sukari Bagamoyo ilikuwa imeshinda kesi dhidi ya serikali katika usuluhishi wa kimataifa, ikapewa tuzo ya kama dola milioni 165, na ikatafuta mali ya Tanzania popote ilipo. Ikaikuta karakanani. Huko nyuma ndege zetu ziliwahi kuzuiliwa Kanada na Afrika Kusini kwa madeni mengine, lakini hili la Maastricht lina uzito wake, kwa sababu ndege hiyo ilipelekwa huko kutafuta uzima. Msomaji ajaribu kufikiri kama ingekuwa ndege ya kijeshi. Sheria za kimataifa huipa mali ya kijeshi kinga ambayo ndege ya abiria haina, ni kweli. Lakini kinga haizuii karakana ya kigeni kuchelewesha, kudai nyongeza, au kutii amri ya serikali yake.

Kutokana na historia hii ni rahisi kufikia hitimisho la haraka: basi jeshi lijitengenezee kila kitu lenyewe, na sekta binafsi ikae kando. Hitimisho hilo lina mvuto, hasa kwetu tuliokulia kwenye hotuba za kujitegemea. Lakini kabla ya kulikumbatia, tutazame kwa jirani zetu Uganda, ambako mambo yamekwenda kwa namna inayostahili kusomwa na kila mtumishi wa umma anayeshughulika na zabuni.

Mwaka 1998 jeshi la Uganda lilipokea helikopta za kivita aina ya Mi-24 kutoka Belarus. Zilizoagizwa zilikuwa nne, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 12, kupitia kampuni binafsi ya uwakala. Zilikuwa zimetumika, na hilo peke yake si kosa; majeshi mengi hununua ndege zilizotumika. Makubaliano yalikuwa kwamba zije zikiwa zimefanyiwa matengenezo makubwa. Mbili za kwanza zilipofika, zilionekana hazifai kuruka. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Julia Sebutinde, ambaye baadaye alikwenda kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, ilisikiliza ushahidi hadharani. Jenerali Salim Saleh, ndugu wa Rais Museveni, alikiri kwamba aliahidiwa kamisheni ya dola 800,000. Rais naye alieleza kwamba alipoambiwa na nduguye habari hizo, alimwelekeza fedha hizo zitumike kwa operesheni za kijeshi kaskazini. Sitaingia katika maadili ya jibu hilo. Wanafunzi wangu wa utawala bora hulitumia kujinoa kila muhula.

Ninachotaka tukione ni kitu kingine. Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha rushwa, na rushwa ilikuwepo. Lakini rushwa ilipata nafasi kwa sababu mnunuzi alitegemea neno la muuzaji juu ya jambo ambalo yeye mwenyewe alipaswa kulipima. Jeshi lenye wahandisi wanaoijua Mi-24 hadi ndani ya sanduku lake la gia, na lenye mamlaka ya kuwatuma Minsk wakafungue mifuniko na kusoma kumbukumbu kabla ya senti moja kulipwa, ni vigumu kuuziwa mabovu, hata kama jenerali amekula. Fundi anayeweza kukataa kutia saini ni kinga ya hazina kuliko kamati tatu za zabuni.

Songa mbele hadi Januari 2022. Rais yule yule alizindua kituo cha kutengeneza helikopta huko Nakasongola, mahali ambapo jeshi la Uganda lina viwanda vyake kwa muda mrefu. Kituo hicho ni ubia kati ya Shirika la National Enterprise Corporation, ambalo ni mkono wa kibiashara wa jeshi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1989, na kampuni ya Kirusi iitwayo Pro-Heli International Services. Lengo lilikuwa kushughulikia helikopta za familia ya Mi-17 na Mi-24 hapo hapo nchini badala ya kuzisafirisha nje kwa gharama kubwa, na kwa siku za usoni kuhudumia wateja wengine wa ukanda huu. Kwa mtu aliyesoma taarifa ya tume ya Sebutinde, hii ilikuwa habari njema. Hatimaye spana imerudi nyumbani.

Imerudi, lakini mkononi mwa nani? Mwezi mmoja baada ya uzinduzi, tarehe 24 Februari 2022, majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine. Vikwazo vikafuata dhidi ya benki na viwanda vya Urusi, na viwanda vya helikopta vya nchi hiyo vikawa na mteja mmoja mwenye haraka kuliko wote, yaani jeshi lao wenyewe. Karakana inaweza kuwa Nakasongola, na wafagiaji wake wakawa Waganda, lakini ikiwa vipuri, michoro na idhini ya kutia saini vinatoka kwa mshirika mmoja tu, basi tumeihamisha Maastricht na kuileta nyumbani, si zaidi.

Kisha kuna suala la ushindani, ambalo ndilo kiini cha andiko hili. Ubia wa namna hiyo si wa umma kikamilifu, wala si wa binafsi kikamilifu. Ukiulizwa maswali ya mkaguzi, una ngao ya siri za kijeshi. Ukiulizwa maswali ya soko, yaani bei yako ikoje ukilinganishwa na wengine, una ngao ya kuwa chombo cha dola. Mimi naona hii ndiyo sura ya hatari kuliko zote, zaidi ya kampuni binafsi iliyo wazi na zaidi ya karakana ya jeshi iliyo wazi.

Wamarekani, kwa mambo yao mengi ya ajabu, walilazimika kuligombania suala hili hadharani katika miaka ya 1990, na mabishano yao yana faida kwetu. Vita Baridi ilipokwisha, jeshi lao la anga lilikuwa na vituo vikubwa vitano vya matengenezo, vyenye kazi pungufu na wafanyakazi wengi. Mwaka 1995 tume ya kufunga kambi ilipendekeza viwili vifungwe, kimoja San Antonio huko Texas na kingine Sacramento huko California. Majimbo hayo mawili yana kura nyingi, na uchaguzi wa 1996 ulikuwa mlangoni. Rais Clinton akaahidi kwamba kazi zitabinafsishwa zikiwa palepale, ili ajira zisiondoke. Wabunge wa majimbo yenye vituo vitatu vilivyobaki wakaja juu: ikiwa kazi zitabaki kule kwa jina la kampuni, vituo vyetu vitaendelea kuwa nusu tupu na mlipakodi atalipia pande zote mbili. Mwafaka ukawa kushindanisha: vituo vya umma na makampuni binafsi wawasilishe zabuni kwa kazi ileile.

Matokeo hayakumfurahisha mtu yeyote mwenye itikadi kali. Kazi ya ndege kubwa ya mizigo C-5 ilikwenda mwaka 1997 kwa kituo cha umma cha Warner Robins, Georgia. Kazi za Sacramento zilichukuliwa mwaka 1998 na kituo cha umma cha Utah kikishirikiana na Boeing. Kazi za injini za San Antonio zikaenda 1999 kwa kituo cha Oklahoma kikishirikiana na Lockheed Martin. Wazabuni binafsi walilalamika kwamba kazi za aina mbalimbali zilifungwa katika furushi moja ili wadogo wasiweze kuomba. Mkaguzi wa Bunge alichunguza kila hatua na kuchapisha alichokiona. Katikati ya ugomvi huo, mwaka 1997, Bunge lilibadili sheria: si zaidi ya nusu ya fedha za matengenezo makubwa ya kila mwaka iende kwa wakandarasi binafsi, na jeshi libaki na uwezo wa msingi wa kutengeneza silaha zake lenyewe. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa asilimia 40.

Uingereza ilikwenda njia nyingine na ikajikwaa. Mwaka 1999 iliunganisha karakana za anga za jeshi lake katika wakala mmoja wa umma uliotakiwa kujiendesha kibiashara. Wakajenga hanga kubwa mno huko St Athan, Wales, kwa mamilioni ya pauni. Lilipokamilika mwaka 2005, wizara ileile ya ulinzi ilikuwa imekwisha amua kwamba ndege zilizokusudiwa kuhudumiwa humo zitengenezwe kwenye kambi zao, pamoja na wakandarasi. Mkono mmoja wa serikali ulijenga nyumba wakati mkono mwingine unahamisha wapangaji. Sehemu ya wakala iliyohudumia helikopta iliuzwa kwa kampuni binafsi mwaka 2008.

Kilichowashinda Wamarekani kwa muda mrefu ni hesabu, na hapa ndipo nawaomba watumishi wa umma wanaonisoma watulie kidogo. Kampuni binafsi ikitoa bei, bei hiyo ina kila kitu: mishahara, kodi ya jengo, riba ya benki, bima, faida. Karakana ya umma ikitoa bei, hanga lilijengwa kwa fungu la mwaka mwingine, pensheni ya fundi iko kwenye fungu jingine, umeme unalipwa na kambi. Ukiziweka bei hizo mbili mezani, ya umma itaonekana nafuu hata pale ambapo si nafuu. Kinyume chake pia hutokea: karakana ya umma hubebeshwa gharama za makao makuu ambazo zingekuwepo hata kama isingefanya kazi yoyote, na hapo binafsi huonekana shujaa bila kustahili. Ushindani usio na hesabu za kulinganishika ni mchezo wa kuigiza wenye mihuri.

Na hesabu hizo si ngeni kwetu. SUMA JKT, iliyoanzishwa mwaka 1981, hushindana au hupewa kazi katika ujenzi, ulinzi na uzalishaji ambako makampuni binafsi nayo yapo. Ukuta wa Mirerani, wenye urefu wa kilomita zaidi ya 24, ulijengwa na jeshi kwa kasi iliyowashangaza wengi na kuzinduliwa Aprili 2018. Niliupongeza wakati ule na bado naupongeza. Lakini bei ya ukuta uliojengwa na vijana wa JKT haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na bei ya mkandarasi anayelipa mishahara ya soko, na tukiichukua kama kipimo tutawaua wakandarasi wa ndani bila kujua kama kweli tumeokoa fedha. Kwenye ukuta, kosa hilo litatugharimu shilingi. Kwenye ndege litatugharimu shilingi na marubani.

Yapo wanaosema: matengenezo ya ndege za kijeshi ni siri, hayawezi kuzungumzwa hivi. Sheria zetu za ununuzi wa umma zimelitazama hilo kwa kuruhusu vyombo vya ulinzi na usalama kuwa na orodha mbili, ya wazi na iliyozuiliwa. Ni utaratibu mzuri. Tatizo ni kishawishi cha kutupa kila kitu kwenye orodha ya pili. Mfumo wa rada na silaha za ndege ni siri. Tairi, viti, rangi, betri, na matengenezo ya ndege ya usafirishaji ambayo pacha wake wa kiraia anabeba abiria kila siku, siri yake iko wapi?

Ikumbukwe pia kwamba Mkataba wa Chicago wa 1944, unaosimamia usafiri wa anga duniani, unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, forodha na polisi zimewekwa nje yake. Karakana ya ATCL au ya shirika binafsi hukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Karakana ya kijeshi hujikagua yenyewe, isipokuwa nchi iamue vinginevyo kwa hiari yake. Sisi tunaoishi upande huu wa Temeke, Chamazi, Mbande na Mbagala, tuna sababu ya kutochukulia ukaguzi wa ndani kuwa unatosha. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi Mbagala, watu zaidi ya 20 wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Chini ya miaka miwili baadaye, tarehe 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Lile lilikuwa suala la kutunza zana, na kutunza zana ni ndugu wa damu wa matengenezo ya ndege: kazi isiyoonekana, isiyo na sherehe ya uzinduzi, inayofanywa nyuma ya ukuta, na ambayo majirani huigundua siku inaposhindwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Jeshi liwe na karakana yake, yenye mafundi wa kutosha kufanya matengenezo ya msingi ya kila aina ya ndege iliyonayo na, juu ya yote, kuipima kazi ya mtu mwingine na kuikataa. Uwezo huo usishindanishwe wala kubinafsishwa, hata ukionekana ghali. Kazi nyingine zote ziwekwe sokoni kwa uwazi, makampuni ya ndani yaombe, mashirika ya jeshi nayo yaombe kwa masharti yaleyale na hesabu zilezile, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu afunguliwe vitabu vya wote wawili. Ubia na mgeni mmoja uwe na muda wa mwisho na sharti la kukabidhi michoro na idhini za saini, si majengo tu.

Mafundi wa kufanya haya watatoka wapi? Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Mabibo sasa kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Kijana anayeondoka Chamazi alfajiri kwa daladala kwenda darasani kule atahitimu akiwa na cheti, lakini cheti si leseni. Leseni inadai miaka ya kazi halisi chini ya usimamizi, mikono ikiwa ndani ya injini. Mahanga ya kumpa miaka hiyo hapa nchini ni machache mno. Jeshi lina ndege, lina mahanga, na lina kazi ambayo kila mwaka sehemu yake hulipiwa kwa fedha za kigeni.